Kabla Hujaitia Eko

Kila anayeniletea kanda ya zamani hapa Wete ana ombi lile lile: isafishe, na uitie eko. Mwenye harusi ya mama yake anataka hivyo, mwenye maulidi ya babu yake anataka hivyo, na kijana mwenye taarab iliyorekodiwa na mjomba wake ubavuni mwa spika naye hana jengine. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimeandika ni nani anayeimba. Nami nimefika mahali naona kuandika huko ndiyo kazi hasa, na hayo ya kusafisha, ingawa yana utamu wake, ni ya kutangulia tu.

Natumia Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti. Ilianzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatoka kwa umma mwaka 2000, na tangu 2021 iko chini ya Muse Group. Ni ya bure, inakwenda hata kwenye laptopu iliyochoka, na haidai intaneti ili ifanye kazi, jambo ambalo mtu wa Pemba halidharau. Wenye studio za mjini watakucheka. Waache wacheke, kwa kazi ya kanda inatosha na kubaki.

Nianze na kasi, maana wengi huanza na kelele na hapo ndipo mambo yanapovurugika. Kanda nyingi za vijijini zilirekodiwa kwa redio za betri. Betri ikichoka, mota inakwenda kwa uvivu. Ukija kuipiga kanda hiyo kwenye mashine yenye mwendo wa kawaida, ule wa sentimita 4.76 kwa sekunde, sauti inatoka mbio na nyembamba. Ninayo kanda moja ya ngoma ya msewe: upande wa kwanza mwimbaji ni mtu mzima na kifua chake, ukifika mwisho wa upande wa pili keshakuwa mtoto wa chuoni. Hilo halina kichujio. Dawa yake ni kuirudisha kanda kwenye mwendo wake.

Audacity ina efekti tatu za jamii moja. Ya kwanza hubadili mwendo na unene wa sauti kwa pamoja, ya pili hubadili mwendo peke yake, ya tatu hubadili unene peke yake. Kwa kanda ni ile ya kwanza tu, kwa sababu kanda ikikimbia vyote viwili hupanda pamoja, na lazima vishuke pamoja. Swali ni uiteremshe kiasi gani. Masikio hudanganya, hasa kama mwimbaji humjui. Hapa umeme unasaidia. Umeme wetu ni wa hezi 50, na redio ikiwa ilichomekwa ukutani wakati wa kurekodi, mara nyingi huwa umeingia mngurumo mdogo wa hezi hizo hizo. Chagua kipande kisicho na mtu anayesema, kisipungue sekunde mbili, fungua dirisha linalochora masafa ya sauti, ukubwa wake uuweke 65536 (ukiwa mdogo huwezi kuitofautisha 50 na 52), kisha tafuta kilele kule chini kabisa. Kikisimama kwenye 52, gawa 50 kwa 52, unapata kama 0.962. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye kisanduku cha kuzidishia.

Lakini tahadhari. Mashine unayopigia kanda nayo ina mngurumo wake, wa 50 kamili, kwa hiyo unaweza kuona vilele viwili vimesimama karibu karibu. Ule wa 50 kamili ni wako wewe, achana nao. Na kama harusi iliendeshwa kwa jenereta, shahidi huyo mimi simwamini, maana jenereta hupanda na kushuka kwa kadiri ya taa na spika zilizotundikwa juu yake. Kanda za betri ndizo ngumu zaidi, hazina mngurumo wa umeme kabisa. Kwa hizo namtafuta mzee aliyemjua mwimbaji. Nakaa naye, nateremsha kidogo kidogo, yeye kafumba macho: "Bado, mwanangu. Bado. Teremsha tena... hapo, hapo hapo, usiiguse. Huyo ndiye." Nimelinganisha hesabu za wazee na hesabu za mngurumo pale vyote viwili vilipokuwepo, na wazee hawako mbali.

Ndiyo maana kasi inatangulia. Ukianza na kusafisha, mngurumo unaondoka, na shahidi wako umeshamfukuza.

Sasa kelele. Efekti ya kupunguza kelele ina hatua mbili. Kwanza unaionyesha programu hiyo kelele ikiwa peke yake: ile sekunde moja au mbili kabla mpiga ganuni hajagusa nyuzi, kanda inavuma tu. Usichukue kile kipande cha plastiki cha mwanzo kabisa wa kanda, hakina sumaku, na ukimya wake si ukimya wa pale harusini. Programu ikishaijua kelele, unachagua rekodi nzima na kuiambia ipunguze desibeli ngapi. Hapa ndipo tamaa inapoingia. Mimi naanzia 6, na 9 ndiyo mpaka wangu. Ukivuta hadi 20 mvumo unaondoka kweli, na mwimbaji anabaki kama anaimbia ndani ya mtungi wa maji.

Kwenye dirisha hilo hilo kuna chaguo dogo ambalo watu hulipita bila kuliangalia. Badala ya kukusikilizisha sauti iliyosafishwa, linakusikilizisha kile kinachotupwa. Nalipenda kuliko yote mengine. Katika kanda moja ya taarab ya harusi nilibonyeza hapo, na ndani ya ule mvumo nikasikia chakacha, chakacha, chakacha. Ilikuwa rika, kile kidufu chenye visahani pembeni. Visahani vyake vyote vilikuwa vinakwenda na taka, pamoja na s na sh za mwimbaji. Programu haina kosa: mvumo wa kanda umekaa juu, kwenye masafa makali, na rika nayo inakaa huko huko, basi itajuaje yupi mwenyeji na yupi mgeni? Nikashusha usikivu, yaani wepesi wa programu kuiita sauti kelele, kutoka 6 hadi 4, nikasikiliza tena kinachotupwa, rika ikawa imerudi upande wake na kilichobaki ni mvumo mtupu. Mvumo mwengine umebaki kwenye wimbo. Ubaki. Nakubali kanda ivume kuliko kuipoteza rika.

Na efekti hii inajua kelele isiyobadilika tu, kama feni au mvumo wa kanda. Kunguru haiwezi, Vespa inayopita haiwezi, mtoto anayemlilia mama yake katikati ya kasida haiwezi. Sioni hasara. Sauti za nyuma zinasema mengi kuliko wenye kanda wanavyokumbuka. Ukisikia adhana nyuma ya nyimbo za wanawake, umeshapata fununu ya saa. Ukisikia mvua juu ya bati, umepunguza miezi ya kubahatisha. Vitu hivi navinakili pembeni na dakika zake, kwa sababu nitavihitaji baadaye kwenye kuandika.

Kompresa siizungumzii sana. Naitumia kwa uwiano wa mbili kwa moja, basi, ili sauti ya bibi aliyekaa mbali na maikrofoni isimezwe na ya aliyekaa karibu. Vigelegele vilivyopasua rekodi tangu siku ile ya harusi havirudi, kompresa au si kompresa.

Sasa hiyo eko. Naelewa kwa nini watu wanaitaka. Masikio yetu yamelelewa na spika za harusi, ambapo fundi mitambo akisema tu "moja, mbili" maneno yanajirudia mpaka barabarani. Sauti kavu watu wanaiona haina ladha. Nilimpa dada mmoja rekodi ya shangazi yake bila eko, akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniambia: "Fundi, ahsante sana, lakini mbona kama yuko chumbani?" Na kweli shangazi alikuwa chumbani. Shida ni kwamba ganuni ina nyuzi tatu tatu kwa kila sauti moja, kwa hiyo tayari inajijibu yenyewe. Ukiirundikia na eko, sauti moja inapanda juu ya mgongo wa nyengine na mkono wa mpigaji huusikii tena. Na maneno, ambayo katika taarab ndiyo roho, yanayeyuka.

Kwa bahati nzuri siku hizi huna haja ya kugombana na mtu. Tangu toleo la 3.2, la mwaka 2022, efekti kadhaa za Audacity unaweza kuzining'iniza kwenye trek bila kuugusa wimbo wenyewe: zinasikika unapopiga, unaziwasha, unazizima. Mwangwi ni mojawapo. Kwa hiyo natoa faili mbili. Moja ni FLAC, aina ya faili isiyopunguza chochote cha sauti, kavu, kasi imerekebishwa, kelele imepunguzwa kwa huruma. Ya pili ni MP3 yenye eko, ya kusikilizia kwenye simu na kumtumia binamu aliyeko Muskati. Na ile WAV ghafi, kama ilivyotoka kwenye kanda, mvumo wake na kila kitu, inakaa kwenye diski ya nje na haiguswi na mtu.

Hapa wengi hufunga laptopu. Mimi ndiyo kwanza nafungua dirisha la tagi, yaani la maelezo ya wimbo.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na kampuni ya santuri ya His Master's Voice, kila santuri iliyotoka ilikuwa na karatasi ya duara katikati, na juu ya karatasi limechapwa jina la mwimbaji na la wimbo. Huwezi kuipiga santuri bila kuliona jina. Kaseti zikaja, kazi hiyo tukaachiwa sisi na kalamu ya bik, na matokeo yake ndiyo haya ninayoletewa: "Maulidi, Mfunguo Sita, Wete." Ahsante. Mfunguo Sita uko kila mwaka, na kila mwaka unarudi nyuma siku kama kumi na moja ukiuhesabu kwa kalenda ya ukutani. Mwaka gani? Ikaja simu, ikamaliza kabisa. Ukituma wimbo kwa WhatsApp, aliyeko upande wa pili anaupokea ukiitwa AUD, tarehe ya kupokelewa, na namba. Mtu ana nyimbo mia tatu za aina hiyo, na anapotaka kukupigia mmoja anaufungua kila mmoja mpaka aupate.

Tagi hazimo kwenye jina la faili, zimo ndani ya faili lenyewe, na ndiyo faida yake: jina linabadilishwa njiani, lakini kilichoandikwa ndani kinasafiri nalo. Kwa MP3 utaratibu huo unaitwa ID3, na toleo la kwanza alilitunga Eric Kemp mwaka 1996. Lilikuwa dogo mno: baiti 128 zilizobandikwa mkiani mwa faili, herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu. Bado kuna redio za gari na vispika vya mkononi visivyosoma zaidi ya hapo. Kanda niliyoipa jina "Nyimbo za harusi za Mtambwe, upande wa pili" huko inasomeka "Nyimbo za harusi za Mtambwe, u". Herufi thelathini barabara. Siku hizi naanza na neno linaloitofautisha kanda, na maneno ya jumla nayapeleka nyuma.

Aina ya muziki ndiyo iliyonichekesha zaidi. Toleo hilo la kwanza halikukuruhusu kuandika aina kwa maneno. Ulichagua namba kutoka kwenye orodha ya aina 80. Polka ilipata namba. Taarab haikupata, wala orodha ilipoongezwa baadaye haikupata. Aliyetaka kuuweka wimbo wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, ilibidi auingize kwenye kapu la muziki wa kikabila pamoja na kila kitu ambacho watengenezaji hawakukijua. Toleo la pili, la 1998, liliondoa dhiki hiyo. Liko mwanzoni mwa faili, linabeba maneno marefu, linapokea hata herufi za Kiarabu, na aina unaandika uitakayo. Audacity inakuruhusu kuihariri orodha yake ya aina, basi kwangu kuna taarab, kidumbak, beni, msewe, maulidi ya homu, kasida na hadithi. Polka nimeifuta, mwenyewe akiitaka aje.

Dirisha la tagi la Audacity lina safu saba: msanii, wimbo, albamu, namba, mwaka, aina, maelezo. Kwa muziki wa vijana linatosha. Taarab inalishinda mara moja, kwani hapo "msanii" ni nani? Aliyetunga shairi? Aliyelitilia muziki? Aliyeimba? Kikundi? Kwa kawaida hao ni wanne, na anayejazwa ni mwimbaji peke yake. Malenga anasahaulika kwanza, ingawa watu wanaokariri beti zake ni wengi kuliko wanaoukumbuka uso wa mwimbaji. Nafasi zao zipo: ID3 ya pili ina sehemu yake ya mwandishi wa maneno, ya mtunzi wa muziki, ya mwimbaji mkuu na ya kikundi. Ni kwamba dirisha hilo halizionyeshi. Kwenye Audacity unaweza kuongeza safu zako mwenyewe; ukitaka kuzijaza hizo zenyewe kwa raha, tumia Kid3, ambayo haina malipo, au Mp3tag, ambayo kwenye Windows haina malipo.

Majina nayo yanataka uamuzi. Kwenye diski moja niliyoletewa, marehemu Bi Kidude alikuwa watu watatu: Bi Kidude, Kidude, na Fatuma Baraka. Simu haijui kuwa ni mmoja. Mimi huchagua jina ambalo watu humwitia msanii, na jina kamili la ubini naliweka kwenye maelezo. Na kama faili zako zina ng'ombe au ng'ambo, chunga ile alama ya juu. Simu huandika iliyopinda, kibodi ya laptopu huandika iliyonyooka, na ukitafuta kwa moja, za nyengine hazitokei. Kanda za mchezo wa ng'ombe zilikuwa zinapotea mbele ya macho yangu kwa sababu hiyo tu.

Mwaka ni vita. Ni rahisi kuandika mwaka huu kwa sababu leo ndiyo umeirekodi kwenye laptopu, na wimbo wa zamani unaingia kwenye orodha kama umetoka juzi. Sehemu ya mwaka naijaza mwaka wa kurekodiwa kanda, na nisipoujua naiacha tupu. Nilichoambiwa nakiandika kwenye maelezo kama kilivyosemwa: "kabla ya kuuawa Karume", basi ni kabla ya Aprili 1972, "mwaka wa karafuu nyingi", basi tuna miaka kadhaa ya kuchagua. Kifungua mimba wa bibi harusi naye husaidia, kama ana cheti cha kuzaliwa.

Kwenye maelezo hayo hayo naandika na nilichoifanyia sauti. Mstari mmoja: "Kasi 0.962 kwa mngurumo wa umeme. Kelele 6 dB, usikivu 4. Kompresa 2:1. Hakuna eko." Sijaona wengi wanaofanya hivyo hapa kwetu, na nadhani wanafanya vibaya. Mtu akiisikiliza kanda hii miaka ishirini baadaye na kuhisi sauti ya babu yake imekaa chini mno, atajua nani kaishusha, kwa kiasi gani, na kwa ushahidi upi. Atairudisha juu kwa hesabu moja. Bila mstari huo atadhani babu yake ndiye aliyekuwa na sauti hiyo.

Safu ya mwisho niliyoiongeza nimeiita "ruhusa". Ilitokana na bibi mmoja wa Konde aliyenipa kanda ya nyimbo za wanawake wa nyumbani kwao, waliokuwa wakiimba ndani, milango imefungwa. "Mwanangu, hizi nakupa uzihifadhi. Usije ukazitia kwenye WhatsApp, wengine wamo humu wana waume na wajukuu." Nikaandika: "Kwa wanawake wa ukoo tu. Isisambazwe." Tagi haimzuii mtu, hilo nalijua. Lakini faili likimfikia kijana ambaye hajui lolote, ataukuta usemi wa bibi humo ndani, akilisambaza atakuwa amelisambaza kwa makusudi. Kanda hiyo haina nakala ya eko, na kwa simu sijaipeleka kokote. Ipo kwenye diski ya nje na kwenye flashi ya binti yake.

Mpangilio wote huu wa safu unahifadhiwa kama kiolezo, faili dogo la XML, na ukiufanya wa kawaida dirisha litakufungukia hivyo kila mara, na jina lako na la mji wako vikiwa vimeshajazwa. Mfuatano wa efekti nao unahifadhiwa kama makro, isipokuwa ile kasi na ile kelele, maana kila kanda ina zake. Anayetaka kiolezo changu aje na flashi, nitamkopia. Polka atajiongezea mwenyewe.